Christopher Wren: Mjenzi aliyeyahesabu makanisa ya London

Katika miji yetu mingi jambo hili huonekana kila Jumapili. Kanisa la zamani lililopo katikati ya mji, lililojengwa wakati watu walipokuwa wakiishi jirani nalo, lina nafasi tele kwenye mabenchi kwa sababu nyumba zilizolizunguka zimegeuka maduka na ofisi. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye viwanja vipya, waumini wanasali chini ya turubai na wengine wamesimama juani. Ndipo maneno huanza. Tujenge jipya huku? Lile la zamani tulifunge, tuliuze au tuliache lilivyo? Na wazee waliozikwa pale, je?

Maswali hayo yalikuwepo kabla yetu. Leo katika makala zetu za wasifu tunafuatilia maisha ya mtu aliyelazimika kuyajibu zaidi ya miaka 350 iliyopita, katika mji ulioteketea kwa moto. Jina lake ni Christopher Wren, Mwingereza aliyejenga Kanisa Kuu la St Paul's mjini London, ambalo watu wengi duniani waliliona kwenye picha za harusi ya Charles na Diana mwaka 1981. Kuba la kanisa hilo ndilo lililompa Wren umaarufu. Sisi tunataka kuangalia kazi yake nyingine, isiyozungumzwa sana: kusaidia kuamua London ibaki na makanisa mangapi, na yakae wapi.

Mtoto wa mchungaji aliyependa nyota

Wren alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1632 katika kijiji cha East Knoyle, kusini mwa Uingereza, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Baadaye baba huyo alipandishwa cheo na kuwa mkuu wa kanisa la kifalme la Windsor. Baba yake mkubwa, Matthew Wren, alikuwa askofu.

Maisha hayo mazuri hayakudumu. Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka kati ya mfalme na Bunge. Familia ya Wren ilikuwa upande wa mfalme, ikafukuzwa Windsor. Baba yake mkubwa alifungwa katika ngome ya Tower of London kwa takribani miaka 18. Kijana Christopher alikua akiona jinsi mambo ya kanisa yanavyoweza kuwagawa watu wa nchi moja mpaka wakashika silaha.

Yeye alijificha kwenye vitabu na vipimo. Alisoma Chuo cha Wadham, Oxford, akapenda hisabati na elimu ya nyota. Alitengeneza saa za jua, alichora viungo vya mwili kwa ajili ya madaktari, na alijaribu kuingiza dawa kwenye mshipa wa mbwa, moja ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kile tunachokiita leo sindano ya mshipa. Mwaka 1657, akiwa na miaka 24, alikuwa profesa wa elimu ya nyota katika Chuo cha Gresham, London. Ni baada ya mhadhara wake mmoja chuoni hapo, Novemba 1660, wasomi wenzake walikaa na kuanzisha chama cha wanasayansi kinachojulikana hadi leo kama Royal Society.

Hakuwahi kusomea ujenzi. Kazi yake ya kwanza ya aina hiyo ilikuja kupitia undugu. Baba yake mkubwa alipotoka kifungoni aliamua kukijengea chuo chake cha zamani, Pembroke kule Cambridge, kanisa dogo, na akampa kazi hiyo mtoto wa mdogo wake. Mwaka 1665 Wren alikwenda Paris kuangalia majengo mapya ya Wafaransa. Alirudi akiwa na michoro mingi na wazo la kuweka kuba juu ya kanisa kuukuu la St Paul's, lililokuwa limechakaa. Wazo hilo lilijadiliwa mwishoni mwa Agosti 1666. Siku chache baadaye hapakuwa na kanisa la kukarabati.

Siku nne za moto

Moto ulianza usiku wa manane kuamkia Jumapili, tarehe 2 Septemba 1666, katika nyumba ya mwoka mikate kwenye mtaa wa Pudding Lane. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao na zilibanana, kiangazi kilikuwa kikavu, na upepo mkali ulivuma kutoka mashariki. Ulipozimika, nyumba zipatazo 13,200 zilikuwa zimeteketea, pamoja na Kanisa Kuu la St Paul's na makanisa 87 ya parokia.

Hesabu hiyo ya makanisa huenda ikakushangaza. Sehemu iliyoungua ilikuwa hasa ule mji mkongwe wa London, unaoitwa City mpaka leo, wenye ukubwa wa takribani maili moja tu ya mraba. Ndani ya kuta zake peke yake kulikuwa na parokia 97. Nyingi zilianzishwa karne nyingi nyuma, wakati tajiri mmoja au kikundi cha majirani kilipoweza kujijengea kanisa lake. Nyingine zilikuwa na mitaa michache tu. Mtu angeweza kutoka mlangoni mwa kanisa moja akafika jingine kabla kengele haijamaliza kulia.

Kwa hiyo baada ya moto watu hawakujiuliza tu jinsi ya kujenga upya. Walijiuliza kama kuna haja ya kujenga yote.

Wren hakupoteza muda. Tarehe 11 Septemba, majivu yakiwa bado ya moto, alimpelekea Mfalme Charles II ramani ya mji mpya: barabara pana zilizonyooka, viwanja vya wazi, makanisa machache zaidi yaliyowekwa mahali panapoonekana, na makaburi nje ya mji. Ramani ilipendeza, lakini haikutekelezwa. Wenye viwanja walitaka kila mtu arudi kwenye kipande chake, na serikali haikuwa na fedha za kuwalipa fidia. Mji ukajengwa kwa kufuata mitaa ileile ya zamani, safari hii kwa matofali na mawe.

Kutoka 87 hadi 51

Kwenye makanisa, hata hivyo, mabadiliko yalikuja. Sheria ya Bunge ya mwaka 1670 iliamua kwamba makanisa ya parokia yatakayojengwa upya yawe 51. Parokia nyingine ziliunganishwa na majirani zao. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa makaa ya mawe yaliyoingia kwa meli katika bandari ya London, maana yake kila aliyewasha moto wa kupikia au wa kuota alichangia. Wren, ambaye mwaka 1669 alikuwa amefanywa msimamizi mkuu wa majengo ya mfalme, akapewa jukumu la kuyasimamia.

Chukua mfano wa St Mary-le-Bow, kanisa lenye kengele mashuhuri. Liliunganishwa na parokia mbili zilizokuwa jirani, All Hallows Honey Lane na St Pancras Soper Lane. Pale All Hallows ilipokuwa pakawa sehemu ya soko. Waumini wa parokia zilizofutwa hawakufurahi. Kulikuwa na maombi ya kupinga, na kulikuwa na kushindana. Parokia zilizounganishwa mara nyingi ziliendelea kuwa na wazee wake wa kanisa na vitabu vyake vya hesabu, kana kwamba zimekaa nyumba moja lakini kila mmoja ana jiko lake.

Hata zile zilizobahatika kubaki zilisubiri. Watu walisali kwenye mabanda ya muda kwa miaka. Vitabu vya hesabu vya parokia vinaonyesha jinsi viongozi walivyomkaribisha Wren kwa chakula na mvinyo, na hata kutoa zawadi, ili kanisa lao lisogezwe mbele kwenye foleni. Msomaji wetu ataamua mwenyewe hilo lingeitwa nini leo.

Wren hakufanya kazi peke yake. Alisaidiwa na rafiki yake Robert Hooke, mwanasayansi mwenzake, na baadaye na kijana Nicholas Hawksmoor. Lakini mipango ilipita mikononi mwake, na ilipita wakati mgumu wa maisha yake. Alimwoa Faith Coghill mwaka 1669. Mama huyo alifariki kwa ndui mwaka 1675. Mke wa pili, Jane Fitzwilliam, alifariki mwaka 1680, miaka mitatu tu baada ya ndoa. Wren hakuoa tena. Alilea watoto, akaenda kazini.

Kanisa linalopimwa kwa sikio

Hapa ndipo sisi watu wa redio tunapovutiwa zaidi na Wren. Alipoulizwa kanisa liwe kubwa kiasi gani, hakuanza na urefu wa mnara. Alianza na sauti ya mhubiri.

Kwa mtazamo wake, katika ibada ya Kiprotestanti ambayo mahubiri ndiyo kiini, hakuna faida ya kujenga kanisa la parokia ambalo aliyekaa nyuma hasikii na haoni. Kwa hiyo alipima. Alikadiria kwamba sauti ya kawaida husikika vizuri futi 50 mbele ya msemaji, yaani mita 15 hivi, futi 30 kila upande, na futi 20 nyuma yake. Hapakuwa na kipaza sauti. Kutokana na vipimo hivyo aliona kwamba kanisa moja, hata likiwekewa roshani za ndani, haliwezi kuchukua zaidi ya watu 2,000 wote wakasikia na kuona.

Aliongeza jambo ambalo kila mtangazaji hufundishwa wiki ya kwanza. Aliona wahubiri Waingereza wana tabia ya kushusha sauti mwishoni mwa sentensi, na maneno ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo yenye uzito, yanapotea. Wafaransa, alisema, husikika mbali zaidi kwa sababu hawayaachi maneno ya mwisho yazame.

Ukishajua kanisa moja linahudumia watu wangapi, swali la makanisa mangapi linaanza kujibika. Unahesabu watu, unagawa. Wren alikuwa mtu wa hisabati na alilichukua swali hilo kama mtu wa hisabati.

Ushauri wa mzee

Kanisa Kuu la St Paul's lilichukua sehemu kubwa ya maisha yake. Jiwe la msingi liliwekwa Juni 1675, ibada ya kwanza ikafanyika Desemba 1697, na jiwe la mwisho juu ya kuba likawekwa na mwanawe mwaka 1708. Katikati ya safari hiyo Bunge, likidhani kwamba anachelewesha kazi makusudi, lilizuia nusu ya mshahara wake wa pauni 200 kwa mwaka. Alilipwa malimbikizo hayo mwaka 1711, kanisa lilipotangazwa rasmi kuwa limekamilika. Alikuwa anakaribia miaka 80.

Mwaka huohuo swali la makanisa lilirudi, safari hii likiwa limegeuka. London ilikuwa imefurika nje ya kuta zake. Baadhi ya waliokimbia moto hawakurudi tena City, na wageni kutoka mikoani walijaa kwenye vitongoji vya magharibi na mashariki, ambako parokia moja ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 1710 paa la kanisa la Greenwich lilianguka katika dhoruba, na waumini wake wakaliomba Bunge msaada. Bunge likaona tatizo ni kubwa kuliko paa moja. Mwaka 1711 likapitisha sheria ya kujenga makanisa mapya 50, kwa ushuru uleule wa makaa ya mawe, na Wren akawa mmoja wa wajumbe wa tume.

Mzee huyo aliandika ushauri ambao bado unafaa kusomwa. Alitaka makanisa yajengwe pale watu walipo wengi, hata kama kiwanja ni ghali, badala ya kukimbilia ardhi ya bei nafuu pembezoni. Sababu yake ilikuwa ya kifedha pia: wakazi wenye uwezo ndio watakaolipia matengenezo kesho. Alitaka yakae kwenye barabara pana, panapofikika. Alipinga kuzika watu ndani ya kanisa na kwenye viwanja vilivyobanana, akashauri makaburi yawe nje ya mji. Na aligusa jambo lililokuwa chungu wakati ule: mabenchi ya kulipia. Familia zenye fedha zilikodi vizimba vyao kanisani, vikajaa mpaka maskini akakosa pa kukaa. Wren alitamani pangekuwa na mabenchi ya kawaida tu. Alijua hilo halitakubalika, kwa kuwa kodi za vizimba zilisaidia kuwalipa wachungaji, lakini alisisitiza kwamba angalau paachwe nafasi ya maskini kusimama na kukaa, kwa sababu Injili ni yao pia.

Kati ya makanisa 50 yaliyokusudiwa, yaliyojengwa yalikuwa kama 12 tu. Fedha zilikwisha, maana tume ilijenga ya kifahari. Wren mwenyewe aliondolewa kwenye wadhifa wake wa msimamizi mkuu mwaka 1718, baada ya karibu miaka 50, na nafasi hiyo ikapewa mtu mwenye marafiki serikalini. Alifariki tarehe 25 Februari 1723, akiwa na miaka 90, na kuzikwa chini ya Kanisa Kuu la St Paul's, kwenye kaburi la kawaida.

Watu walipoondoka

Mtu aliyekuwa na kipimo kizuri kuliko wenzake wote hakuweza kupima kitu kimoja: watu watalala wapi miaka 150 baada yake.

Mwaka 1851 wakazi wa City walikuwa bado karibu 128,000. Kisha reli ziliingia, mabenki na ofisi zikanunua nyumba, na familia zikahamia vitongojini. Kufikia mwaka 1901 wakazi walibaki kama 27,000. Makanisa ya Wren, yaliyojengwa ili kila sikio lisikie, yakawa na mhubiri na masikio machache.

Mwaka 1860 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu parokia za City ziunganishwe, makanisa yabomolewe, viwanja viuzwe, na fedha zijenge makanisa kule watu walikohamia. Kanisa la St Dionis Backchurch, kazi ya Wren, lilibomolewa mwaka 1878. Fedha zake zilijenga St Dionis mpya huko Parsons Green, magharibi mwa London, na mimbari ya zamani ikahamia huko. Mifupa ya waliozikwa katika makanisa kadhaa ilifukuliwa na kuzikwa upya kwenye makaburi makubwa nje ya mji. Makanisa mengi ya Wren yalikwenda hivyo.

Ukilitazama kwa utulivu, huo ulikuwa mtindo wa Wren mwenyewe: hesabu watu, punguza pale walipopungua, jenga pale walipo. Lakini ilifika mahali watu wakasema inatosha. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia tume moja ilipendekeza makanisa 19 ya City yaondolewe. Mwaka 1926 Bunge lilikataa. Wengi wa waliopinga hawakuwa waumini wa makanisa hayo wala wakazi wa City. Walikuwa watu walioona kwamba mji ukiuza kila jiwe la zamani kwa sababu kiwanja kina bei, siku moja utakosa cha kuwaonyesha watoto.

Mabomu ya Vita ya Pili yaliharibu mengi zaidi. Jingine moja, St Mary Aldermanbury, mawe yake yalisafirishwa kwa meli mpaka Fulton, Missouri, nchini Marekani, na kujengwa upya chuoni ambako Churchill alitoa hotuba yake maarufu ya mwaka 1946.

Yaliyobaki yalitafutiwa kazi. Sheria ya mwaka 1952 iliyafanya baadhi yasiwe tena na parokia, bali yawahudumie wafanyakazi wa ofisini siku za kazi, kwa ibada za mchana, muziki na mazungumzo. St Benet, lililokuwa kwenye orodha ya kubomolewa, lilipewa Waanglikana wa Wales mwaka 1879 ili wasali kwa Kiwelisi. St Anne and St Agnes lilitumiwa kwa miongo kadhaa na Walutheri kuanzia mwaka 1966, wakiwemo Waestonia na Walatvia waliokuwa ugenini. Kanisa la Kilutheri nchini Uingereza huendesha ibada kwa lugha mbalimbali, na Kiswahili kimo. Hakuna aliyeketi na Wren mwaka 1670 ambaye angeweza kuliweka hilo kwenye hesabu.

Mangapi, basi?

Katika sensa ya mwaka 2021 wakazi wa City hawakufika 10,000, ingawa mamia ya maelfu huingia kila asubuhi kufanya kazi. Ukihesabu kwa wanaolala hapo, makanisa ni mengi mno. Ukihesabu kwa wanaopita mlangoni mchana, si mengi sana.

Maisha ya Wren hayatupi idadi ya kubeba nyumbani. Yanatuachia maswali manne ambayo kamati yoyote ya ujenzi inaweza kuyaweka mezani kabla ya kupitisha kapu la harambee. Watu wanaishi wapi sasa, na wanaelekea wapi? Kanisa moja linaweza kuwasikilizisha wangapi? Asiye na kitu atakaa wapi ndani yake? Na paa likivuja miaka 30 ijayo, nani atalipa?

La tano tumejifunza kutoka kwa waliokuja baada yake. Kabla ya kuuza kanisa ambalo watu wake wamehama, inafaa kuuliza ni nani waliohamia jirani nalo, na kama wana mahali pa kusali.